Siku Mama Alipodai Azikwe

Nilimkuta mama amelala chali katikati ya sebule, kwenye mkeka, uso ameuelekeza kibla, na vidole gumba vya miguu amevifunga pamoja kwa kipande cha kanga.

"Umechelewa," akaniambia hata sijavua viatu. "Nimekufa tangu alfajiri na hakuna hata mtu wa kunifunga kidevu."

Nikacheka. Mtu yeyote anayemjua mama yangu angecheka. Tangu nina akili zangu, mama ndiye anayeosha maiti wa kike wa mtaa wetu hapa Temeke, na utani wa kifo ni kitu cha kawaida nyumbani kwetu kama sukari kwenye chai. Akienda kumjulia hali jirani mgonjwa, humwambia, "Jitahidi usife wiki hii shoga yangu, kiuno kinaniuma." Jirani anacheka mpaka anapata nafuu. Basi nami nikadhani ni utani mpya, tena nikaona leo kaupatia.

Halafu mkono wake wa kulia ukaruka wenyewe, kama mtu anayepiga mbu. Ukatulia, ukaruka tena. Macho yake yakapita juu ya bega langu, akatabasamu na kusema, "Shikamoo mama, karibu, ndio wananitayarisha." Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na friji. Bibi yangu alishafariki kabla sijazaliwa.

Kicheko kikaniishia.

Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya mashine. Mama hana figo zinazofanya kazi, kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa analazwa kwenye kitanda cha hospitali, sindano mbili nene mkononi, damu yake inatoka, inapita kwenye mashine, inasafishwa, inarudi. Mimi naishi Goba, na Jumatatu huwa natoka kule kwenye vilima gizani ili nimpeleke, kisha niende kazini kwangu Kurasini, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Kazi yangu kule ni kubishana. Nabishana na madereva wa malori, nabishana na wenye yadi za makontena, nabishana na wateja wanaodhani mzigo unatoka bandarini kwa kupigiwa mbinja. Nalipwa kwa mdomo wangu, na sijawahi kufikiri kuwa siku moja nitabishana na marehemu.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa amekaa chini pembeni ya mkeka, analia kimyakimya. Yeye anaishi Kipawa, ila tangu Ijumaa alikuwa amehamia pale kumuuguza dada yake. Ijumaa hiyo, siku ya mashine, daktari aliona malengelenge yamejipanga ubavuni mwa mama, akasema ni mkanda wa jeshi, akamwandikia vidonge vya kuua virusi. Mama mdogo ndiye aliyekuwa naye, mimi nilisimuliwa kwa simu. Na mkanda wa jeshi, kwa sisi watu wa mtaani, una sheria yake: ukizunguka kiuno mpaka ncha mbili zikakutana, mtu kwaheri. Nimeisikia hiyo tangu utotoni. Mama mdogo aliiamini kuliko alivyoamini dawa. Kila asubuhi na jioni alikuwa anamfunua dada yake na kupima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya ncha na ncha, halafu ananipigia simu kunipa taarifa kama mtangazaji wa mpira.

"Umekutana ndani kwa ndani," akaninong'oneza sasa. "Kwa nje bado, lakini ndani umeshakutana. Ona mwenyewe."

"Sijafa kwa mkanda," mama akadakia kutoka mkekani, ulimi mzito, maneno yanateleza. "Nimekufa tu. Nyie mnapenda sana sababu."

Kumbe mama alishatangaza msiba wake mwenyewe. Alfajiri, mama mdogo akiwa anaswali, mama alijikokota mpaka dirishani akapaza sauti kuwa mwenye nyumba hii amefariki, watu waje. Na watu wa Temeke ukiwaambia msiba hawaulizi mara mbili. Wakati naingia, majirani wawili walikuwa wameshafika na mikeka yao na sufuria kubwa ya uji, na sasa walikuwa wamesimama mlangoni wasijue waweke wapi uso, maana marehemu alikuwa anatoa maagizo.

"Maji yawe ya vuguvugu. Muanze upande wa kulia. Msinifunue hovyo, shuka ikae kutoka kitovuni mpaka magotini. Chimbeni ufuo nyuma ya jiko, maji ya maiti hayatupwi barabarani. Na wewe," akamnyooshea jirani mmoja kidole kinachotetemeka, "usiniguse, una kucha."

Yule jirani akaficha mikono nyuma. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa da'angu, sie tumwoshe?"

Ikanitoka sauti ya Kurasini. Nikasema hakuna anayeoshwa hapa. Nikasema mama anakwenda kwenye mashine, sasa hivi. Mtu wa figo amekaa Jumamosi na Jumapili bila kusafishwa damu, akikosa na Jumatatu, maji yanampanda kwenye mapafu, na hapo msiba utakuwa wa kweli. Mmoja wa majirani akasema labda tungemsomea kwanza, huenda kapandisha kitu. Mama mdogo akaunga mkono: asomewe, atulie, twende mchana. Nikawaambia watamsomea njiani, watamsomea hospitali, watamsomea mpaka wakauke koo, lakini akiwa kwenye mashine.

Nikamshika mama mkono nimnyanyue. Akashika mguu wa kochi.

"Siendi," akasema. "Maiti haendagi hospitali. Maiti anatokaga hospitali."

"Mama, hujafa. Unaongea na mie."

"Nawe unabishana na mfu. Aibu."

Nikavuta, akavuta kochi. Mwanamke yule, mwenye miaka yake na figo zake, alikuwa na nguvu za mbeba mizigo. Nikambembeleza, nikamtishia, nikamwambia daktari atakasirika. Akasema daktari aje mazishini kama watu wengine. Saa inakwenda. Nafasi ya mashine ni ya saa, ukichelewa anawekwa mwingine, na mwingine naye anastahili. Mama mdogo analia, uji unapoa, mkono wa mama unaruka, nami nimepiga magoti pale mkekani natokwa jasho. Ndipo nikaona kosa langu katika ubishi ule: nilikuwa nabishana naye kama mtu hai, na yeye alishaniambia waziwazi kuwa si hai.

"Haya," nikasema. "Umekufa. Nimekubali. Inna lillahi."

Majirani wakashtuka. Mama akatulia, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayenisikia.

"Sasa nakuuliza wewe mwenyewe fundi. Katika maiti wote uliowaosha, yupo hata mmoja aliyebishana na wanaombeba?"

Akafikiri. Nasema kweli, alifikiri, aliwapitia mmoja mmoja, nilimwona kwenye uso wake.

"Hapana," akasema. "Hayupo."

"Yupo aliyeng'ang'ania kochi?"

"Hayupo."

"Basi?"

Akaachia mguu wa kochi. Akaweka mikono ubavuni, akafumba macho. "Nifunike uso," akasema, na kwa hadhi yote ya kazi yake akanyamaza.

Tukamfunika kanga, tukamlaza kwenye shuka, tukashika pembe nne: mimi, mama mdogo na majirani wale wawili. Tukiwa mlangoni, sauti ikatoka chini ya kanga: "Wanawake hawabebi jeneza."

"Hili si jeneza, mama, hili shuka."

"Aa, sawa."

Barabarani kulikuwa na bajaji, dereva wake mzee wa makamo anafuta kioo. Akatuona tunakuja na mtu aliyefunikwa gubigubi kwenye shuka, akatupa kitambaa. "Sista, samahani sana, pole kwa msiba, ila mie maiti sibebi. Bajaji hii inabeba wanafunzi."

"Twende tu baba," mama akasema kutoka ndani ya kanga. "Sina uzito."

Yule baba aliruka mtaro. Nimeona watu wakiruka mitaro ya Temeke wakati wa mvua, lakini yeye aliuruka kavu, bila kuchukua hatua ya kuanzia. Majirani walimfuata wakicheka na kumwapia kuwa ni mgonjwa, amechanganyikiwa, yuko hai kabisa. Akarudi akitetemeka kuliko mama, akawasha, na sijawahi kupelekwa hospitali kwa kasi ile. Hakutazama kioo cha nyuma hata mara moja.

Ndani ya bajaji kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwangu. Kila baada ya muda mguu wake ulipiga teke upande wa bajaji, naye ananong'ona, "Nisameheni, maiti anatikisika." Nilicheka na machozi yananitoka. Niliogopa vibaya sana. Kumpoteza nilishajiandaa kwa namna fulani, ukiwa na mzazi wa mashine unajiandaa kila wiki. Lakini sikuwa nimejiandaa kwa hili, aishi, ale, apumue, na yule mwanamke wa utani asirudi tena ndani ya macho yale. Nilimwomba Mungu anirudishie mama mwenyewe, mwenye maneno yake.

Daktari wa kitengo cha mashine ni dada mdogo kuliko mimi, mpole, anaongea taratibu. Alimfunua mama uso. Mama akafumbua macho, akamwambia, "Karibu msibani." Daktari hakucheka wala hakushangaa. Akapima sukari, joto, presha, akamkunja shingo, akamwomba anyooshe mikono mbele, na viganja vikawa vinadondoka na kupanda, vinadondoka na kupanda. Akatuambia ana wasiwasi na mambo mawili. Moja, virusi vya ule mkanda huenda vimeingia kwenye ubongo, na hilo ni baya. La pili ni dawa.

"Anakunywaje vile vidonge?"

"Kama mlivyoandika," nikajibu haraka. "Asubuhi na jioni."

Nikasikia zipu. Mama mdogo alikuwa anafungua na kufunga pochi yake, anafungua na kufunga.

"Mama mdogo?"

"Mara tano," akasema, akitazama sakafu.

"Mara tano nini?"

"Kwa siku." Na hapo yote yakamwagika. Kuna mwanamke wa Kipawa aliugua mkanda wa jeshi, akapewa dawa ileile, yeye akaandikiwa mara tano kwa siku na akapona vizuri. Mama mdogo alipoona dada yake kaandikiwa mara mbili tu, akajua wamembania. Si anatumia bima? Watu wa bima hubaniwa, kila mtu anajua. Akaenda duka la dawa, akanunua nyongeza, akampa kwa saa, Ijumaa jioni, Jumamosi yote, Jumapili yote, usiku anaamka kumpa. "Vilikuwa vimebaki vidole vinne mkanda ukutane," akasema, akanionyesha vile vidole. "Ningekaa naangalia?"

Nilifungua mdomo, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni ni yale ninayowaambia madereva. Lakini nilipomtazama daktari, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa ameshusha mabega. Uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu.

"Mama, ahsante sana kwa kusema," akamwambia mama mdogo. "Umenisaidia mno."

Akatueleza, na mimi nilikuwa nayameza maneno yake. Dawa ile, kwa mtu mwenye figo nzima, inafanya kazi yake kisha figo zinaitoa kwenye mkojo. Yule wa Kipawa ana figo zake, ndiyo maana anapewa mara tano. Mama hana pa kuitolea. Kila kidonge kinamkuta mwenzake bado yumo, vinarundikana kwenye damu mpaka vinafika kichwani, na kichwa kinavurugika: mikono inaruka, ulimi unakuwa mzito, mtu anaona watu wasiokuwepo. Ndiyo sababu wanampunguzia, wala si bima.

"Na wengine," akasema, "wanaamini kabisa kuwa wamekufa."

"Wengine?" nikauliza. "Kuna wengine?"

"Inajulikana. Si wengi, lakini wapo. Wanajiona maiti, wanadai wazikwe."

Sijui kama nitaweza kueleza furaha iliyonishika. Mahali fulani duniani kulikuwa na mama wa mtu mwingine aliyedai sanda yake, na madaktari wakamjua, wakaliandika, likawa jambo la kawaida! Nilimkumbatia yule daktari. Kalamu yake ikanichafua shati.

"Na inatoka?"

"Tunaisimamisha leo. Na dawa hii ina kitu kimoja kizuri, mashine inaitoa." Kisha akaninyooshea kidole, maana aliona ninavyoruka. "Siahidi. Nitachukua vipimo vingine isije ikawa ni virusi. Tumwingize kwenye mashine, tusubiri. Haiondoki yote mara moja."

Mama akaingia kwenye mashine. Alipoona damu yake inatembea kwenye mirija akamuuliza muuguzi kwa upole kama mazishi bado ni kabla ya alasiri. Muuguzi akamwambia yamesogezwa. "Wanasubiri ndugu wa mbali," mama akasema, akakubali, akalala.

Nilimkuta mama mdogo nje kwenye benchi, hathubutu kuingia. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, sidanganyi. Lakini mwanamke huyu alikuwa hajalala siku tatu akimpa dada yake dawa kwa saa, akipima kiuno chake kwa vidole. Nikamletea chai ya maziwa na chapati mbili. Akasema hawezi kula. Nikamwambia akila nitamsamehe nusu. Akala moja, nikamwambia basi ni robo, akala na ya pili huku analia.

"Daktari kasema haukutanagi," nikamwambia. "Mkanda. Unafuata mshipa wa upande mmoja, ukifika katikati ya mgongo unaishia hapohapo."

"Haukutanagi kabisa?"

"Kwa mtu kama mama, haukutani."

Akaviangalia vidole vyake vinne kwa muda mrefu.

Jioni ile akili za mama hazikurudi. Mikono ilitulia kidogo, lakini alikataa uji kwa sababu maiti hali. Walimlaza. Vipimo vikaonyesha hakuna dalili ya virusi kwenye ubongo, na daktari akaagiza arudishwe kwenye mashine kesho yake, ingawa haikuwa siku yake. Nikapiga simu kazini kuwa siji. Bosi akauliza kuna nini, nikamwambia mama anadai azikwe, akasema pole sana, na nadhani akaelewa vibaya maana saa moja baadaye wenzangu walianza kunitumia rambirambi.

Jumanne asubuhi, kwenye mashine, aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema, "Muongo." Mama mwenyewe alikuwa karibu. Lakini akafumba macho tena na mimi nikabaki nimemshika kidole, mama mdogo upande wa pili, mashine inazunguka, na uchovu wa siku mbili ukatushukia sote. Mama mdogo akaanza kulia. Nikamwambia anyamaze, kisha nikaanza na mimi, kwa sauti, kamasi na kila kitu.

Mama akafumbua macho. Akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi. Macho yalikuwa yamekaa sawasawa mahali pake, makali, yanatafuta habari.

"Nani kafa?"

Tulitazamana.

"Si nawauliza? Mwanamke?" Alikuwa ameshaanza kujiinua kwa mkono usio na sindano, miguu inapapasa ukingo wa kitanda kutafuta kandambili. "Nyie mnakaa mnalia hapa, maiti kalazwa wapi? Wameshachemsha maji?"

Muuguzi akaja mbio akamshika mkono wenye sindano. "Mama tulia, tulia, bado uko kwenye mashine!"

"Dada," mama mdogo akasema, akimshika miguu yote miwili, "hajafa mtu. Hajafa mtu yeyote."

Mama akatutazama kwa dharau kamili, isiyopungua hata punje. "Sasa mnalilia nini asubuhi yote hii?"

Nikapiga kigelegele. Sikupanga. Kilitoka chenyewe, kirefu, cha harusini, mle mle ndani ya chumba cha mashine, na wagonjwa wote wakageuza vichwa kwenye mito yao, na muuguzi akaniwekea kidole mdomoni, nami nikapiga cha pili.

Mama akamwita daktari kwa mkono wake ulio huru, mkono uliotulia tuli.

"Mwanangu huyu," akamwambia, "mpimeni na yeye."